Mtoro Hakukimbia Kazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sigino, Babati)



Kwanza naushukuru Umoja wetu kwa kunipa heshima ya kusema nanyi leo. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze habari za historia, somo nililolifundisha kwa miaka mingi, tena ikaniomba nisizidishe nusu saa. Nitajitahidi. Najua kuwa nyuma ya ukumbi huu wapishi wamekwisha funika masufuria, na mimi si mtu wa kushindana na pilau.

Nimechagua kuzungumza juu ya neno moja tu. Neno lenyewe mnalijua nyote, wakubwa kwa wadogo. Neno hilo ni "mtoro".

Hapa shuleni maana yake haina utata. Mtoro ni mwanafunzi ambaye kengele ya asubuhi inapolia hayupo mstarini. Mwalimu wa zamu anaandika jina lake, mzazi anaitwa, na mambo mengine yanayofuata mnayajua kuliko mimi. Lakini neno hili halikuzaliwa shuleni. Kabla nchi yetu haijawa na madarasa na kengele, katika pwani ya Mrima na katika visiwa vya Unguja na Pemba, mtoro alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Wenye kulitumia sana neno hilo walikuwa mabwana, na kwao lilikuwa neno la lawama, kama lilivyo kwetu leo. Kwa bwana, mtoro alikuwa mvivu, mwizi wa nafsi yake mwenyewe, mtu asiyejua wema aliotendewa.

Mimi nataka kuuliza swali moja. Mtu yule alipotoroka alikimbia nini, na alikimbilia nini? Tukilijibu swali hilo sawasawa, tutajua uhuru una maana gani kwa mtu aliyewahi kuukosa.

HABARI HII INATUHUSU

Pengine mwanafunzi mmoja anasema moyoni: utumwa ni habari ya pwani, na sisi wa Babati tuko mbali na bahari. Si kweli kwamba ulikuwa mbali nasi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilipanda bara hadi Kondoa Irangi, ambako wafanyabiashara wa pwani walijenga mji wao. Mingine iliendelea hadi Umbugwe, huko bondeni karibu na Ziwa Manyara. Ilikuja hasa kutafuta pembe za ndovu, lakini palipopatikana watu, watu pia walinunuliwa. Barabara kuu itokayo Dodoma na Kondoa, ikapita Babati kwenda Arusha, inapita katika nchi iliyoijua misafara hiyo vizuri.

Mateka alifungwa kongwa shingoni, yaani ule mti wenye panda, akatembea hivyo siku nyingi. Akifika pwani aliitwa "mjinga". Neno hili nalo lina historia yake. Mjinga hakuwa mtu asiye na akili. Alikuwa mtumwa mgeni, aliyetoka bara karibuni, asiyejua lugha wala desturi za mji. Aliyezaliwa utumwani aliitwa mzalia. Juu yao wote alikaa mwungwana, mtu huru. Tunaposema leo kwamba fulani ni mjinga na fulani ni mwungwana, tunaendelea kutumia mizani ya soko lile bila kujua.

Shambani, mtumwa wa mikarafuu, minazi au miwa alifanya kazi ya bwana siku nyingi za juma. Mara nyingi aliachiwa Alhamisi na Ijumaa alime kijishamba cha chakula chake. Wengine walipelekwa mjini kufanya kazi za kutwa, na ujira wao waligawana na bwana, au bwana aliuchukua wote. Aliyetoroka akakamatwa aliweza kupigwa, kutiwa minyororo au kufungwa miguu katika mkatale.

Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Watumwa wengi waliubusu mkono, na sisi tuliozaliwa huru hatuna haki ya kuwacheka. Hata hivyo walipinga kwa njia zao. Walifanya kazi polepole wakati msimamizi hatazami, walificha sehemu ya mavuno, walijidai hawakuelewa walichoambiwa, waliendelea kuitana kwa majina ya kwao. Wengine, usiku mmoja, waliondoka.

SHERIA NA MIGUU

Vijana wa historia hapa wanaweza kunitajia tarehe bila kufungua daftari. Mwaka 1822, mkataba wa Moresby. Mwaka 1845, mkataba wa Hamerton. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash anatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja linafungwa. Mwaka 1897, Sultani Hamoud anatoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba hazitaitambua tena hali ya utumwa. Tarehe hizo ni za kweli, na mtihani unazitaka. Lakini mwanafunzi akizikariri peke yake anaweza kudhani kwamba uhuru ulishuka kutoka juu kwa kalamu, na kwamba mtumwa alikaa chini akingojea.

Tuzitazame kwa makini. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara. Haukumwachia huru hata mtumwa mmoja aliyekuwa tayari shambani. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa ndani yake mpaka mwaka 1909. Hapa kwetu bara, Wajerumani walitawala tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta utumwa wenyewe. Waliweka masharti ya mtu kujikomboa kwa fedha, na mwaka 1904 walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Baba na mama waliachwa hapo hapo walipokuwa. Sheria ya kuufuta kabisa utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Kufikia mwaka huo wa 1922, watumwa wengi walikuwa wamekwisha jifuta wenyewe kwa miguu yao. Waliondoka mashambani wakaenda kupagaa mizigo, kujenga reli, kulima mahali pengine. Mara nyingi sheria ilikuja kuandika jambo ambalo miguu ilikwisha lifanya.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano ulio wazi. Nyuma ya Mombasa na Malindi, katika nchi ya Wagiriama, karibu na mwaka 1880 palikuwa na kijiji kiitwacho Fuladoyo. Kiongozi wake alikuwa Mkristo wa Kigiriama, Abe Ngoa, na kijiji kiliwapokea watoro kutoka mashamba ya pwani. Wengine walikimbilia katika misheni ya Rabai. Mabwana walidai watu wao warudishwe, wakatishia vita. Mwisho wake, mtu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, George Mackenzie, aliamua kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati zao za uhuru huko Rabai.

Ndugu zangu, itazameni hesabu hiyo. Aliyefanya kazi bure miaka kumi hakulipwa kitu. Aliyelipwa ni yule aliyekula jasho lake. Tena hati ile ilitolewa kwa watu waliokuwa wamekwisha jitoa utumwani, waliokuwa na nyumba, mashamba na watoto. Laiti wasingetoroka, kusingekuwa na mtu wa kuandikiwa hati.

SAFARI YA WAZIGUA

Sasa nakuja kwenye habari iliyonifanya nichague neno hili. Inaanzia Uzigua, nchi ya Handeni, katika Mkoa wa Tanga, inafika Somalia, kisha inarudi hapa hapa Tanzania. Imechukua zaidi ya miaka 150.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Masimulizi ya Wazigua yanasema kwamba walikutana na wenye majahazi walioahidi kuwapeleka mahali penye kazi na chakula, wavune, kisha warudi kwao. Wakapanda. Majahazi yalielekea kaskazini, yakawashusha Barawa na miji mingine ya pwani ya Benadiri, nchi ambayo leo ni Somalia. Huko waliuzwa.

Hawakuuzwa bila sababu. Katika bonde la mto Shebeli kilimo cha kuuza nje kilikuwa kinapanuka: mtama, ufuta, pamba. Wafugaji wa Kisomali waliiona kazi ya jembe kuwa haiwafai, kwa hiyo walitaka watu wa kuifanya. Wazigua walikuwa wakulima hodari. Bahati mbaya yao ilikuwa ni ustadi wao.

Wazigua wale walikuwa na jambo moja lililowasaidia. Walikuwa wengi waliotoka mahali pamoja, wenye lugha moja ambayo bwana hakuisikia. Waliweza kupanga shauri mbele yake naye asijue. Masimulizi yanamtaja mwanamke mmoja mwenye maono, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Vijana wa kiume mlio hapa, shikeni jambo hilo: watu walipotaka kujua siku ya kuondoka, walimwuliza mama. Shauri lilipoiva waliondoka kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, wakashika njia ya kusini.

Nia yao ilikuwa kurudi kwao. Walitaka kutembea kwa miguu kutoka Shebeli mpaka Uzigua. Mwanafunzi wa jiografia akichukua ramani na rula ataona ni safari gani. Mbele yao ilikuwa nchi kame, na wafugaji wenye silaha ambao wangeweza kuwauza tena. Walifika mto Juba. Hapo, katika msitu mnene wa kando ya mto, walisimama.

Msitu ule uliitwa Gosha. Ulikuwa na malaria, na ulikuwa na mbung'o. Mfugaji hakuweza kuingiza ng'ombe wake humo akawatoa hai. Sisi watu wa Babati tunaojua mifugo, tunaojua na mbung'o, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kilichowatisha wengine ndicho kilichokuwa boma lao. Watu wakawaita Wagosha, na wakawaita vile vile Watoro.

KAZI YA NANI?

Sasa tulijibu swali letu. Mtoro huyu alikimbia nini?

Bwana alisema amekimbia kazi. Twendeni tukamwangalie kule Gosha. Alikata miti mikubwa kwa shoka. Alilima mahindi na mtama, alipanda ufuta, alisubiri mto upande na kushuka ili apande katika tope lake. Alijenga vijiji na kuvizungushia ulinzi. Alipigana na waliokuja kumrudisha. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kupumzika katika msitu wenye mbung'o. Mtoro wa Juba alifanya kazi ngumu kuliko ile aliyoiacha.

Tofauti ilikuwa moja: sasa ilikuwa kazi yake. Mahindi yakiiva, ghala ilikuwa yake. Akizaa mtoto, mtoto alikuwa wake, hakuna wa kuja kumpima meno. Akiitwa, aliitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kukiwa na ugomvi, waliuamua wazee wa kijiji chake. Hayo mambo manne, yaani mavuno, mtoto, jina na baraza, ndiyo aliyoyakimbilia. Naamini hayo ndiyo uhuru, na mengine yote ni maelezo.

Habari zilienea, na kwa miaka mingi watoro wengine waliwafuata. Walikuja Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, watu waliotoka kusini ya nchi yetu na Msumbiji na Malawi, wakajenga vijiji kwa kufuata makabila yao. Mwishoni mwa karne ya 19 kiongozi mkuu miongoni mwao alikuwa Nassib Bundo, Myao, naye aliyekuwa mtumwa. Mtu huyu aliviunganisha vijiji vya Gosha vikapigana na wafugaji wenye nguvu waliovishambulia. Alishughulika na Sultani wa Zanzibar, na Waingereza, na Waitalia, kila mmoja kwa wakati wake, akitafuta nani atamwacha atawale watu wake kwa amani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifia katika gereza la Waitalia huko Mogadishu. Alitoka katika minyororo ya bwana mmoja akafa katika minyororo ya bwana mwingine, lakini katikati ya hapo aliishi miaka mingi akiwa mtu huru, kiongozi wa watu huru.

Sitaki mdhani kuwa kila mtoro alikuwa mtu mwema. Wasafiri wa karne ya 19 walieleza habari za Kisabengo, Mzigua aliyejenga mji wa Simbamwene pale Morogoro. Aliwakusanya watoro akawa na nguvu. Kisha yeye na watu wake wakawa wateka watu. Kuonja uchungu wa utumwa hakumzuii mtu kumtia mwenzake utumwani. Hilo nitalirudia kabla sijakaa.

UHURU HUNYANG'ANYWA TENA

Ningependa kuwaambia kwamba watu wa Gosha waliishi raha mustarehe baada ya hapo. Haikuwa hivyo. Waitalia walipoitawala Somalia walianzisha mashamba makubwa ya pamba na ndizi katika mabonde ya Juba na Shebeli, na katika miaka ya 1930 walikamata watu wa vijiji vile wakawalazimisha kuyalima. Wajukuu wa watoro walijikuta wanapalilia shamba la bwana tena. Wao waliiita kazi hiyo kolonya. Ilikoma Waingereza walipowashinda Waitalia mwaka 1941.

Somalia ilipata uhuru wake mwaka 1960, nao wakawa raia kwa mujibu wa sheria. Lakini mitaani waliendelea kuitwa majina ya dharau, pamoja na "adoon", maana yake mtumwa. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapamba moto, watu hawa walikuwa na chakula ghalani na hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Waliporwa, waliuawa, wakakimbia. Wengi walitembea mpaka kambi za Dadaab, Kenya. Kutoka huko, kuanzia mwaka 2003, maelfu walipokelewa Marekani.

Lakini wengine hawakutaka kwenda mahali pengine popote. Walipanda vyombo vya baharini wakaelekea kusini, wakafika Tanzania. Walisema wamekuja kwao. Hawakuwa na hati yoyote ya kuthibitisha, na babu zao waliondoka kabla nchi hii haijawa na jina la Tanganyika wala la Tanzania. Walikuwa na ushahidi mmoja tu: walisema Kizigua. Kwa zaidi ya miaka 150 katika nchi ya Wasomali walikuwa wameitunza lugha ile vinywani mwa watoto wao. Wazigua wa Handeni waliposikia, walielewa.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Tumezoea kuusema msemo huo harusini na katika sherehe za ngoma, kama pambo. Wazigua wa Juba waliufanya kuwa sheria. Wenzao wengi waliofika Gosha baadaye walizipoteza lugha za kwao, na siwalaumu, maana maisha yaliwabana. Waliobaki na lugha walibaki na mlango wa kurudia.

Walipewa makazi Mkuyu, wilayani Handeni, na tangu mwaka 2003 Chogo, ambako walipewa ardhi ya kulima. Wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Safari waliyoianza mababu kwa miguu katika miaka ya 1840, wakaishia mto Juba, waliimaliza vitukuu.

NA SISI JE?

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho, na sasa nasema na makundi mawili yaliyomo humu ukumbini.

Nianze na vijana. Mwanafunzi anayepita nyuma ya bweni kwenda mnadani wakati wenzake wako darasani, asije akajilinganisha na watu wa Juba kwa sababu tu neno ni moja. Yeye anakimbia kazi iliyo yake. Ujuzi anaoupata hapa hakuna bwana atakayeuvuna. Ni ghala lake mwenyewe. Mtoro wa zamani aliacha shamba la mtu akaenda kulima lake. Mtoro wa shule anaacha lake, na mara nyingi anaishia kulima la mtu. Mkubwa akikwambia usome, mwulize kwa nini, una haki hiyo. Lakini jibu ndilo hilo.

Tena nawaomba jambo moja la kazi. Wako wazee katika vijiji vyetu, Wagorowa, Wairaki, Wambugwe, Warangi na wengine, waliosimuliwa na babu zao habari za misafara: ilipopita, nani alichukuliwa, nani alijificha mlimani, nani alirudi. Chukueni daftari mwaandikie. Msingoje mtu kutoka mbali aje kuandika, kisha sisi tukanunue kitabu chake.

Sasa nasema na sisi wanafunzi wa zamani. Wengi wetu tuna nyumba Arusha, Dodoma, Dar es Salaam. Katika nyumba hizo yumo binti au kijana aliyetoka kijijini kuja kutusaidia kazi. Wengine wetu tuna ng'ombe, na yuko mtoto wa mtu anayewachunga. Mara nyingi tunasema tumemchukua kumsaidia, kwa kuwa kwao kuna shida. Hata wenye majahazi waliokwenda kwa Wazigua wenye njaa walisema hivyo hivyo: njooni, kuna kazi na chakula.

Sisemi kwamba kila mwenye mtumishi ni mfanyabiashara wa watumwa. Kazi ya nyumbani ni kazi ya heshima, nayo imewasomesha wadogo wa wengi wetu. Nasema tujipime kwa yale mambo manne ya Gosha. Kwanza, mavuno: je, mshahara wake unafika mkononi mwake, kila mwezi, au umeambiwa "nitakutunzia" mpaka ukasahaulika? Pili, mtoto: kama yeye mwenyewe bado ni mtoto, je, yuko shule, na wazazi wake wanaweza kumwona? Tatu, jina: je, watoto wako wanalijua jina lake, au anaitwa "wewe" na "dada" mpaka siku anaondoka? Nne, baraza: akionewa, ana pa kusema? Simu anayo? Kitambulisho chake kiko kwake au kiko kabatini mwako? Na akitaka kuondoka leo, mlango uko wazi?

Nchi yetu ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Ni sheria nzuri. Lakini nimekwisha sema habari za sheria: mara nyingi hufika nyuma ya mambo. Ndani ya nyumba yako polisi hafiki kila siku. Anayefika kila siku ni wewe.

Kama binti huyo usiku mmoja atafunga kanga zake na kuondoka, utawapigia majirani simu useme ametoroka. Kabla hujalitamka neno hilo, tafadhali jiulize swali langu la leo: amekimbia nini, na amekimbilia nini? Ukiona jibu linakuchoma, usimtafute ili umrudishe. Mtafute umlipe.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema kwamba Kisabengo aliwakusanya watoro kisha akateka watu. Sisi tuliosoma hapa tulitoka katika nyumba za wakulima na wafugaji. Elimu ndiyo iliyotuvusha. Wazee waliouza mbuzi ili tulipe ada hawakututuma tukawe mabwana wa watoto wa wenzao. Napendekeza Umoja huu uandike katika maazimio yake ya mwaka huu kwamba kila mwanachama mwenye msaidizi wa nyumbani au mchungaji atamlipa kwa mkataba, na kwamba aliye na umri wa shule atamrudisha shule. Tukianza kubishana juu ya gharama, basi tukumbuke kwamba mabwana wa Mombasa nao walidai fidia.